Visamaki wa Ukoo Mmoja

Kazungu hakuwa na mke tena, hakuwa na nyumba yake, hakuwa na goti la kushoto la kutegemea, hakuwa na cheti hata kimoja cha shule ya mchana, na hakuwa na mtu aliyemwamini. Alichokuwa nacho ni chumba cha bure katika nyumba ya ghorofa nyuma ya Ndia Kuu, alikokuwa mtunzaji, na kisima cha uani alichokiona kuwa amana yake. Na kalamu. Kusoma na kuandika alijifunza katika darasa la ngumbaru, la watu wazima, akiwa na miaka arobaini na sita, na tangu hapo hakukubali mtu amwandikie hata jina lake.

Mwaka ule wa 1994 mifereji ya mji ilikuwa ikikauka wiki nzima, kwa hivyo nyumba yote ilikunywa kisimani. Mwezi wa Machi Bimdogo, mjane wa ghorofani, akaanza kutapika na kutetemeka mikono. Akienda kwa bintiye anayekaa Makupa hupona kwa siku tatu. Akirudi, huanza tena.

Kazungu hakuhitaji kuambiwa kuwa ni maji, wala ni nani. Hatua kumi kutoka kisimani, Taib, mpangaji wa chini, alikuwa na karakana ya kusafisha shaba. Masinia na mabuli ya kuuzia watalii yalichovywa kwenye asidi kutwa kucha. Kazungu akawa akipita mlangoni pale mara nne kwa siku, bila shughuli.

"Sabalkheri, mzee Kazungu," Taib alimwambia asubuhi moja. "Waniangalia kama niliyekuibia kuku."

"Sina kuku."

"Basi nimeokoka."

"Hayo maji ya asidi wayamwaga wapi?"

"Pipani, na pipa huja kuchukuliwa. Lakini kwani waniuliza mimi, na shahidi unaye?" Akaonyesha kisima kwa kidevu. "Si wewe usemaye, samaki wakiogelea maji ni mazima? Hao waogelea."

Neno lile lilimchoma kwa kuwa lilikuwa lake. Visamaki wale, wadogo kama ukucha, aliwatoa mwenyewe kwenye birika la msikiti wa mtaa miaka kumi na minane nyuma, ili wawe wakila viluwiluwi vya mbu. Hata Bi Mutanu, afisa wa afya aliyekaa Buxton, alipokuja aliinama, akawaona wakicheza, akafunga daftari. "Mzee, siwezi kumfungia mtu kazi kwa kumshuku. Niandikie barua yenye ushahidi." Mwenye nyumba naye akasema, yeyote atakayetajwa na barua hiyo kuwa ameharibu kisima, mwezi hautakwisha kabla hajahama.

Kazungu akaandika kurasa mbili juu ya Taib, akaacha nafasi ya ushahidi.

Akaenda msikitini, akaomba kwa adabu, mwadhini akampa visamaki kumi. Watano akawatia kwenye chupa ya jemu yenye maji ya kisima. Chupa ya pili akaijaza maji hayo hayo, akatia watano wa kisimani. Kufika adhuhuri wa msikitini walikuwa wameelea matumbo juu. Wa kisimani walikuwa wakifukuzana.

"Si wa ukoo mmoja hao?" Bimdogo aliuliza, ameketi ngazini na kanga mabegani. "Mbona hawa wafe, hawa waishi?"

"Hawa wamezoea. Waliokuwa wanyonge walikufa kitambo, sikuwaona. Waliobaki wakazaa wagumu kama wao. Mashahidi wangu wamelelewa na sumu, Bimdogo. Watasema nini juu yake?"

"Sumu ya nani?"

"Ya nani tena?"

Ili amkamate Taib barabara, alingoja aende kula, akachota asidi pipani mwake. Akatia kijiko kimoja kwenye chupa ya maji ya mvua, kisha visamaki wa kisimani. Sentensi alikuwa ameshaiandika: wameizoea asidi yake. Wino haujakauka, walikuwa wamekufa wote.

Akakishuku kijiko. Akaishuku chupa. Akarudia kwa matone matatu tu, wakafa vile vile. Kama hii ndiyo sumu waliyokulia, mbona hawakuivumilia hata kidogo?

"Nyumba nzima waishuku," Bimdogo alisema taratibu. "Hata mimi, na maji yangu ya kufulia. Asiyeshukiwa ni mmoja tu."

Hakumtaja. Alikuwa akiitazama pampu ya kupulizia dawa iliyoegemea ukuta wa kisima.

Miaka ishirini Kazungu alikuwa akipuliza dawa ya kunguni na mende katika nyumba za watu, na kila akirudi aliisuuza pampu pale, kwenye kijifereji chenye ufa. Tangu Februari ufa ulikuwa umepanuka. Alikuwa akikusudia kuuziba.

Akatia matone matatu ya dawa yake kwenye chupa mbili za maji ya mvua, moja akaitia visamaki wa msikitini waliobaki, moja wa kisimani. Wa msikitini wakafa. Wa kisimani wakaogelea.

Akauinua mkebe wa dawa. Aliujua kabla hajajua herufi, kwa hivyo hakuwahi kuusoma. Ubavuni palikuwa na maandishi mekundu, kwa Kiswahili safi: Usimwage karibu na kisima.

Alikifunika kisima kwa mbao, akaweka jiwe juu. Kisha akaketi, akazichana zile kurasa mbili, akaandika moja. Jina alilolitaja aliliandika kwa ukamilifu, Kazungu wa Ngowa, kwa mwandiko wake bora.

Taib akatokea na baiskeli. "Barua yangu tayari, mzee? Nianze kufunga mizigo?"

"Wapita Buxton?"

"Napita."

Kazungu alijua kwamba barua ikilala chumbani mwake, asubuhi haitakuwapo. Akalamba gundi ya bahasha mbele ya Bimdogo, akaibana kwa kiganja hadi ikashika, akamnyooshea Taib.

"Mpe Bi Mutanu mkononi."

"Nijipelekee mwenyewe barua ya kunifukuza?"

"Ipeleke, mwanangu."

Taib aliielekeza bahasha juani hadi mwandiko ukaonekana, akaigeuza upande wa pili, akamtazama mzee, akaitazama tena. Kisha akaitia mfukoni, akapanda baiskeli.