Binti wa Jinzo na Maji Mabichi

Kule milimani kwa wafugaji wa koi, wale samaki wa mapambo wa bwawani, koi hauzwi, anaozwa. Ndivyo wasemavyo wenyewe, na usithubutu kuwacheka mbele yao. Mfugaji akikukabidhi koi wake hasemi kafanya biashara, anasema kamtoa binti. Na kama unamjua baba mwenye binti mzuri anavyokuwa, basi umeshamjua Jinzo: mrefu, mbishi, taulo kichwani kiangazi na baridi, na maneno yake hayana kituo.

Mwaka huo mposaji alikuwa Mitsuyo. Mama wa miaka sitini na ushei, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mjane wa Tamotsu. Samaki aliyemtaka ni mmoja tu, jike jeupe lenye madoa mekundu, na doa la kichwani limekaa upande kama kofia ya mlevi. Kwa doa hilohilo Jinzo alishamtia kwenye ndoo ya wanaotupwa, siku ile ya kuchambua vifaranga. Tamotsu, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye alikuja kusaidia tu, akamchota kwa bakuli.

"Huyu wangu," akasema. "Nilelee. Nitajenga bwawa."

Bwawa hakulijenga. Moyo ulisimama ghafla akiwa shambani kwenye mpunga, mwaka huohuo, na samaki akabaki kwa Jinzo akinenepa.

Sasa, katikati ya mwezi wa nane wafu hurudi nyumbani. Hilo nalo si la kubishania. Watu huenda makaburini na taa, wakawaongoza wapendwa wao mpaka nyumbani, wakakaa nao siku chache, wakala nao, kisha wakawasindikiza. Tangu afe, kila mwaka Tamotsu alirudi akakuta ua mtupu, na kila mwaka Mitsuyo aliona haya mbele ya picha yake. Mwaka huu akasema basi. Mume wangu akirudi atamkuta samaki wake. Akamwita fundi, shimo likachimbwa mbele ya ukumbi, saruji ikamwagwa, pampu ikafungwa, na chujio likawekwa pembeni, tangi lenye mikeka minene ya kupitishia maji.

Jinzo akaja kulitazama, mikono nyuma. Akalizunguka bwawa kama mtu anayekagua nyumba ya mkwe.

"Bwawa zuri, shemeji," akasema. "Lakini mimi binti yangu simwozi kwenye maji mabichi."

"Maji mabichi ndiyo yapi tena? Nikayachemshe?"

"Cheka tu. Maji nayo yanalelewa. Ukishajua kulea maji, samaki atajilea mwenyewe."

Mitsuyo akaanza kulea maji. Saruji mpya hutema chokaa, na chokaa humchoma samaki ngozi na mashavu anayopumulia. Akajaza bwawa, akatumbukiza matita ya majani ya mpunga, akaacha yaloweke mpaka maji yakawa rangi ya chai, akamwaga. Akajaza tena, akamwaga tena. Majirani wakawa wanapita wakiuliza anapika supu gani hiyo isiyoiva. Mwishowe akajaza maji ya bomba, akayaacha yachemke kwa hewa ya pampu mpaka ile dawa inayotiwa maji ya bomba ikatoka yote.

Hapo Jinzo akaleta washenga. Koi wadogo watatu wa rangi ya matope, sura za kawaida kabisa, ambao wakifa hakuna atakayevaa nguo nyeusi.

"Hawa wanatangulia," akasema. "Wakila watajisaidia, na choo chao kitageuka sumu ndani ya maji. Sasa kwenye ile mikeka ya chujio watazaliwa vijidudu, huwaoni kwa macho, kazi yao kuila sumu hiyo. Wakishakuwa wengi wa kutosha, nyumba imepata wenyewe. Kabla ya hapo, usiniambie habari za harusi."

Akamwachia na vichupa viwili vya kupimia, dawa za matone, na kadi ya rangi. Kichupa cha kwanza: njano ni salama, kijani ni balaa. Cha pili: buluu ni heri, zambarau ni shari.

Na jamani, Mitsuyo alipenda kazi ile! Kila asubuhi kabla hata ya chai alikuwa amechuchumaa ukingoni, anachota, anadondosha, anatikisa, ananyanyua kichupa juani jicho moja limefumbwa. Kisha simu kwa Jinzo.

"Leo kijani, shemeji."

"Kijani gani?"

"Cha maharage mabichi."

"Unawalisha mno! Hao si watoto wa shule, wewe mama. Punguza chakula, toa maji kidogo, ongeza mapya yaliyolala."

"Wananitazama kwa njaa."

"Samaki hukutazama kwa njaa hata akishiba. Mumeo alikuwa vivyo hivyo."

Wiki zikapita. Kijani kikafifia, zambarau ikaja ikamtia hofu, nayo ikafifia. Mikeka ya chujio ikawa kahawia, ikaota utelezi, ikanuka matope ya mtoni, na Mitsuyo akiifunua anaiangalia kwa fahari utadhani ameisuka mwenyewe. Mwezi wa nane ulipoingia, kichupa cha kwanza kilikuwa njano ya kiini cha yai na cha pili buluu ya mbingu. Akapiga simu.

"Haya," Jinzo akasema, na hata yeye sauti ilimlegea. "Siku ya kuwapokea wafu, asubuhi, nakuja na binti ndani ya gari. Nitapima mwenyewe. Rangi zikikubali, anashuka."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Siku mbili kabla, mgeni akaja. Hatsue, dada mkubwa wa marehemu, akashuka kutoka mjini na masanduku mawili na aproni yake mwenyewe. Wafu wakikaribia kurudi, kule kila nyumba husafishwa mpaka misumari inang'aa, na katika ukoo wote ule hakuna msafishaji wa kumfikia Hatsue. Mwanamke huyo ukimwachia mkaa ataurudisha mweupe.

"Wewe nenda kasafishe kaburi, wifi," akasema. "Hapa niachie mimi."

Mitsuyo akaenda, akapiga jiwe la kaburi brashi, akang'oa magugu, akapiga soga na wenzake wa makaburi jirani. Aliporudi, shuka zilikuwa zimeanikwa kwenye mwanzi uani, safi, zinapepea. Na kando ya shuka, juani, ilining'inia mikeka ya chujio. Myeupe pepepe.

"Wifi, mlikuwa mnaishije na uchafu ule?" Hatsue akamlaki, mikono imemvimba kwa kusugua. "Utelezi! Harufu! Nimepiga mpira wa bomba, nimesugua mmoja mmoja. Kaka yangu akirudi asikute aibu ile."

Mitsuyo akakaa kitako kwenye ukumbi. Maneno yalimjaa kooni, na hakuna hata moja ambalo ungemwambia wifi mkubwa, mgeni, aliyetoka mbali na kujiumiza mikono kwa mapenzi. Akayameza. Yalikuwa machungu, usiseme.

"Wifi," akasema baadaye, polepole. "Lile pipa langu la jikoni, la pumba za mchele ninazotia matango yachachuke. Umelisafisha?"

Hatsue akashtuka kama kaambiwa kaiba. "Mimi? Nina wazimu? Lile ni la mama yangu! Pumba zile zina uhai, ukiziosha umeua miaka yote ile, hata ujaze mpya hazitakuwa..."

Akaiangalia mikeka. Akaiangalia mikono yake.

"Ala!" akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaketi chini palepale na kulia, na ikabidi Mitsuyo, mwenye msiba, awe ndiye anayebembeleza.

Wakairudisha mikeka, lakini ilikuwa mikeka mitupu, nyumba isiyo na watu. Kesho yake asubuhi kichupa kilikuwa kijani. Jioni kijani zaidi. Wakatoa maji, wakaongeza, wakawanyima washenga chakula, Hatsue akabeba ndoo mpaka mgongo ukakataa. Mitsuyo hakumpigia Jinzo simu. Alijiambia ni kwa sababu labda asubuhi rangi itageuka. Ukweli ni kwamba aliogopa kulisikia jibu.

Asubuhi ya siku yenyewe Jinzo akafika, taulo jipya kichwani. Nyuma ya gari lake dogo, ndani ya tangi lenye hewa, binti alikuwa anazunguka taratibu na kofia yake ya ulevi. Mitsuyo alimchungulia tu, akageuza uso.

Jinzo akachuchumaa bwawani. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kuhesabu kokoto za chini. Akachota, akadondosha, akatikisa. Kijani. Akachota cha pili. Zambarau. Akatazama chujio, akaona weupe wa mikeka, akaelewa yote, akamtazama Hatsue aliyekuwa amejificha nusu nyuma ya mlango.

"Dada Hatsue umefika salama?" akauliza kwa upole ambao haukuwa wake.

"Nimefika," Hatsue akajibu, "na afadhali nisingefika."

Jinzo akasimama, akavua taulo, akalikunja, akalikunjua.

"Sikiliza, shemeji," akasema akitazama pembeni. "Huyu samaki ni wa Tamotsu. Ni siku chache tu. Tukimnyima chakula, tukibadilisha maji asubuhi na jioni... wapo walioponea kwenye mabaya kuliko haya. Mimi mwenyewe nitakuja kulinda. Tumshushe."

Hebu fikiri. Jinzo yule! Aliyewahi kumnyima tajiri wa mjini binti kwa sababu bwawa lake halikuwa na kivuli. Hatsue akashika mikono kifuani, macho yamemtoka kwa matumaini. Na Mitsuyo alilitaka neno lile mno. Alitaka jioni asimame mbele ya bwawa aseme, Tamotsu, ona. Angekubali palepale, kama asingekuwa amekaa wiki zote zile na vichupa mkononi. Sasa alijua. Alijua kile kijani kinamfanya nini samaki, kinavyomchoma mashavu mpaka anahema juujuu kama mtu aliyefungiwa kwenye moshi. Tamotsu alimtoa kwenye ndoo ya wanaotupwa, halafu yeye amtie humu?

"Rudi naye," akasema.

"Shemeji..."

"Rudi naye, Jinzo. Wewe ndiye uliyenifundisha, sasa wataka kunifundua? Maji mabichi haya. Harusi hakuna."

Jinzo akafunga taulo lake kichwani, akainamisha kichwa, kwa heshima ya kweli, akaondoka. Gari lilipopinda kona ndipo Mitsuyo akaingia jikoni, akachanja biringanya kwa nguvu na kulia juu ya ubao.

Jua lilipoelekea kuzama, mawifi wawili wakaenda makaburini pamoja na kijiji kizima. Wakawasha ubani, wakawasha taa ya karatasi, Mitsuyo akaishika, na wakaanza kushuka. Njiani hamzungumzi sana, maana mna mtu nyuma yenu. Wakafika kwenye njia panda. Kushoto ni nyumbani. Mitsuyo akakata kulia.

"Wifi, nyumbani huku."

"Najua nyumbani kwangu."

"Utampoteza kaka yangu!"

"Kaka yako huyu?" Mitsuyo akasema bila kusimama. "Lini huyu alitoka shamba akaja nyumbani moja kwa moja? Miaka thelathini anapitia kwa Jinzo kwanza. Wali unapoa, mimi nakuja kumwita kwa hasira, anasema nakuja, haji. Leo nampitisha mwenyewe."

Jinzo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bwawa lake, na alipoiona taa inaingia ua wake aliinuka haraka, akajifuta mikono. Alisogea tu pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Mitsuyo akaiinamisha taa juu ya maji. Koi huja kwenye mwanga. Wakaja wengi, na katikati yao yule jike jeupe, mpana, doa lake upande, akafungua mdomo kana kwamba anadai.

"Haya, Tamotsu," Mitsuyo akasema. "Huyu hapa. Si anapendeza? Bwawa nimelijenga, maji ndiyo yamekataa. Msimu huu au ujao atakuja, sina haraka tena. Mwangalie."

Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta. Hatsue alikuwa anapenga kamasi waziwazi. Jinzo akakohoa, akaenda kwenye chujio lake, akarudi na ndoo. Ndani yake mkeka mmoja wa zamani, kahawia tii, unateleza, unanuka matope mpaka farasi angepiga chafya.

"Vyombo vya bibi harusi," akasema. "Vinatangulia. Utie kwenye chujio lako leo leo, vijidudu vyake vitazaana. Na wewe, dada Hatsue..."

"Siugusi!" Hatsue akapiga yowe. "Nikiugusa nife!"

Wakacheka wote watatu, kicheko kikaenda mbali juu ya mashamba ya mpunga, na watu waliokuwa wakishuka na taa zao wakageuka kutazama. Kule nyumbani biringanya zilikuwa zinapoa, na wali, na pombe ya mchele kwenye kikombe chake.

"Haya, twende," Mitsuyo akamwambia mumewe. "Chakula kinapoa."

Alikuwa akilisema hilo kila jioni ya ndoa yao, kisha anageuka anaondoka peke yake kwa hasira. Safari hii hakuondoka. Aliiweka taa chini kwenye ukingo wa bwawa, akaketi kando yake, akamsubiri mpaka amalize kutazama.