Kamba ya Mtu

Kalamba nzima sasa imekuwa fundi wa kamba. Mtu ambaye hajawahi kupanda hata mpapai atakusimamisha njiani akueleze jinsi nilivyomuua Musembi. Wa juzi alikuwa muuza makaa. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu nimechoka kujibu, kisha nikamuuliza kama anajua tofauti ya kamba ya mtu na kamba ya matawi. Hakujua. Akaniambia niache kiburi na mwenzangu yuko kaburini.

Miaka kumi na moja nilifanya kazi na Musembi. Yeye alikuwa mtu wa juu, mimi mtu wa chini. Kutoka hapa mpaka mjini Wote, mti ukishainamia paa la nyumba au nyaya za stima, haukatwi kutoka chini, maana hakuna mahali pa kuuangushia. Lazima mtu apande mpaka kileleni aushushe kipande kwa kipande, na mtu huyo alikuwa Musembi. Alipanda miguu mitupu, panga kiunoni, na akishafika juu namfungia msumeno wa petroli kwenye kamba ya matawi anauvuta. Kabla ya kupanda alikuwa akigonga shina kwa kisigino na kusikiliza. Mara mbili alikataa kazi mbele ya wenye miti, wakatucheka, na miti hiyo yote miwili ikaanguka yenyewe kabla mwaka haujaisha.

Kazi yangu mimi ilikuwa kamba. Kamba ya matawi ni yoyote, bora ivumilie, na ikichoka unafungia ng'ombe. Kamba ya mtu ni habari nyingine. Yetu ilikuwa ya nailoni, nyeupe, nene kama kidole gumba. Ilimzunguka Musembi kiunoni na mapajani, ikapita juu ya panda la tawi, ikashuka kwangu, nami nikaizungusha mara mbili kwenye shina la mti wa jirani na kuishika. Kamba ya mtu haichoti maji, haifungi mbuzi, haianikiwi nguo. Tena hailali kwa mtu wa juu. Waliotufundisha kazi walisema mtu wa juu akilala na kamba nyumbani ataizoea, na akiizoea ataacha kuiogopa. Inalala kwa mtu wa chini, na asubuhi ya kazi mtu wa chini anafumba macho na kuipitisha yote mkononi, pima kwa pima, kwa sababu kuna ubovu ambao jicho halitauona lakini mkono utausikia.

Mwezi wa nane mama alizidiwa na sukari, ikabidi mimi na mke wangu Mbithe tumpeleke hospitali Kitui. Nyumba ilikuwa inabaki tupu, na panya wa kwangu wanakula chochote. Kwa hivyo Ijumaa jioni niliitia kamba ndani ya gunia la mkonge nikaipeleka kwa Musembi. Ndiyo, nilivunja sheria, na niliivunja nikijua. Tulikuwa na kazi Jumanne na sikutaka kuikosa. Mkewe Kalondu ndiye aliyepokea gunia mlangoni, binti yao Mwende kando yake. Alimwombea mama hapo hapo, akaniahidi kwamba kamba ataiweka pasipo na panya wala maji.

Jumanne nilirudi kwa gari la kwanza. Usiku wa siku zote zile nilikuwa nimelala juu ya kiti cha wodi, kama huko ni kulala. Nilimkuta Musembi kwa mwalimu Kitonga, mstaafu mmoja ambaye mkaratusi wake ulikuwa umeinamia nyumba tangu mvua za mwaka uliopita. Alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni. Akaniuliza habari ya mama, nikamwambia bado tunaye. Nikakagua kamba, akapanda.

Kufika saa tano alikuwa amemaliza matawi ya upande wa nyumba, akaanza kilele. Kilele kilipokatika kiligeuka hewani, kitako chake kikarudi kikampiga begani, na miguu yake ikatoka kwenye shina. Jambo hilo lilikuwa limewahi kutupata mara nne au tano. Anateleza, namshika, anabembea akitukana, anarudi kwenye mti, jioni tunacheka. Nikaegemea nyuma nikapokea uzito wake. Kamba ilimshika, naapa ilimshika, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha mikononi mwangu hapakuwa na kitu. Nilianguka chali na kamba ikanifuata kifuani, nyepesi. Mwalimu Kitonga alivua kofia akajifunika uso. Musembi alikufa kabla gari tulilompakia halijafika lami.

Kamba ni ya mtu wa chini, kwa hivyo lawama ni yake. Hilo silipingi. Lakini walianza kuongeza yao. Mara nilinunua kamba ya bei rahisi, mara nilitoka Kitui nikinuka pombe, mimi ambaye nilitoka huko nikinuka dawa za wodi. Mama yake Musembi, Ndila, alisema mbele ya watu wote kwamba mkono wangu ndio uliomwachilia mwanawe. Wazee wa ukoo wakaniita. Niliwaambia kamba ilikuwa nzima na kwamba asubuhi ile niliipitisha mkononi. Hivyo ndivyo nilivyosema. Wakauliza, kama ilikuwa nzima ilikatikaje. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kwa kazi, na Mbithe akaanza kwenda soko la Wote, maana hapa akifika penye wanawake wananyamaza.

Siku mbili kabla ya mazishi nilienda kusaidia kutoa vyombo nyumbani kwa marehemu. Hata anayelaumiwa hubeba viti. Pembeni mwa kitanda palikuwa na betri ya sola, na chini ya betri lile gunia langu, limekunjwa. Niliinua betri, nikalishika gunia nilitoe. Likamegeka mkononi. Lilikuwa na matobo yenye kingo nyeusi, na sehemu iliyobaki ikawa unga kwenye vidole vyangu.

Kalondu alikuwa amesimama mlangoni na leso kichwani. Nilimuuliza betri ile ilikuja lini.

"Hiyo Jumamosi ulikuwa Kitui, shemeji. Baba Mwende aliitoa Wote," akasema. "Na unajua betri haiwekwi chini kwa udongo, stima inaisha. Nikaona kamba yako ndani ya gunia imeinuka vizuri, nikaiweka betri juu yake. Ilimwaga maji kidogo tu, nikapanguza."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilimwambia nimekula, nikatoka na mabaki ya gunia nyuma ya nyumba.

Baada ya mazishi nilikwenda Wote kwa Hassan, fundi wa betri. Babu yake alitoka pwani, na Hassan bado anaongea kama mtu aliyeshuka jana kutoka huko. Nilimpa kipande cha kamba nilichokikata upande ule ulio mzima, nikamwomba akimwagie maji ya betri. Hakuuliza ni cha nini. Niliporudi baada ya siku tatu kilikuwa cheupe vile vile, safi kabisa. Hassan alikivuta kwa ile mikono yake laini ya dukani, kikakatika bila kelele.

"Asidi hula nailoni, bwana," akaniambia. "Kwa macho huoni kitu. Lakini ukiipitisha mkononi utaisikia imekakamaa."

Nilivitia vile vipande viwili mfukoni. Jina langu lote lilikuwa mle mfukoni, na nilipanga Jumamosi niwapelekee wazee. Sitaki mtu anifanye malaika. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na maneno yalikuwa matamu.

Lakini kwenda kwangu ni lazima nipite kwa Musembi. Ndila alikuwa uani akimkemea Kalondu kwa sababu ya mbuzi aliyekufa. Alikuwa akisema kwamba tangu mwanamke huyo aingie boma lile hakuna kilichosimama, na kwamba shamba ni la wanawe, si la mtu wa kuja. Kalondu alikuwa ameinamisha kichwa, anaosha sufuria, na Mwende wa miaka saba amemshika nguo kwa nyuma. Nikaelewa ninachobeba. Nikimpa Ndila sentensi moja tu, kufika jioni Kalondu atakuwa barabarani na mtoto na beseni. Tena yeye mwenyewe atajua. Atakuwa akijua kila akiwasha taa.

Jumamosi sikuenda kwa wazee. Nilikaa nyumbani na hasira zangu. Nilimkasirikia Kalondu, nikamkasirikia Musembi aliyelala siku tatu kando ya kamba ile na ile betri, nikamkasirikia hata mama, ambaye alikuwa anapata nafuu.

Jumapili kanisani, wakati wa ushuhuda, Kalondu alisimama. Mchungaji akampa maikrofoni. Akaniita mbele kwa jina. Nilitembea kati ya viti huku kila jicho likiwa mgongoni mwangu.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi nimelia vya kutosha. Watu wananiambia nimchukie shemeji. Nimejaribu, siwezi. Leo mbele ya kanisa nataka asikie na masikio yake. Shemeji, nimekusamehe."

Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Akina mama wakaanza wimbo, watu wakapiga makofi, isipokuwa Ndila. Mimi damu ilinipanda kichwani. Vile vipande vilikuwa mfukoni, upande wa kushoto. Huyu mwanamke ananisamehe mimi kwa jambo alilofanya yeye, na kanisa zima linamwonea huruma na kunionyesha mimi wema. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari kabisa, yale yale matamu.

Ila alikuwa amenishika kiganja. Kidole chake kilikuwa juu ya sugu za kamba, na hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kujificha.

Asubuhi ile ya Jumanne nilifumba macho nikaanza kuipitisha kamba kutoka upande wangu. Nilihesabu pima kumi na mbili. Musembi akapiga makofi, akasema, Nyamai, jua linapanda na wewe unasinzia. Ni kweli nilikuwa nasinzia. Nikafumbua macho nikaitazama iliyobaki, ikawa nyeupe na nzuri, nikaiachilia. Kamba ile ilikuwa na pima ishirini na tano. Sehemu iliyokakamaa ilikuwa upande wa Musembi. Wazee waliniuliza kama niliipitisha mkononi nikasema ndiyo, na hakuna aliyeuliza kama ni yote.

Nilimwambia Kalondu asante. Sauti haikutoka vizuri, watu wakadhani ni kilio cha furaha, wakaongeza makofi.

Tukitoka nje nilimwona Mwende, na pindo la gauni lake lilikuwa limetoboka matobo madogo yenye kingo nyeusi. Kesho yake mchana nilichukua ubao, misumari na nyundo nikaenda kwao. Betri ilikuwa pale pale, safari hii juu ya nguo kuukuu. Nilipigilia ubao ukutani, juu, nikaipandisha. Nilimwambia Kalondu asiweke nguo karibu nayo, wala mtoto asicheze hapo, maana maji yake yanakula vitu.

"Yanakula nguo?" akauliza.

Nikasema yanakula nguo, magunia, vitu vingi. Nilisema haraka, huku nikikusanya misumari, na nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Kalondu alikuwa ameacha kunitazama. Alikuwa anatazama pale sakafuni, pembeni mwa kitanda, mahali palipokuwa gunia.

"Mama Mwende," nikamwambia, "kuna kitu sikuwaambia wazee. Ile kamba niliipitisha nusu. Ningeipitisha yote ningejua, na asingepanda. Huo ni ukweli wa Mungu."

Nje Mwende alikuwa akifukuza kuku kwenye mahindi.

"Na hiyo nusu ingine," akasema mwishowe, "ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa imechoka," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole kukubali. Kisha akapiga magoti pale pembeni mwa kitanda, akaweka kiganja juu ya udongo, akaanza kupapanguza, kama mtu aliyeona kitu kimemwagika. Niliweka nyundo chini nikapiga magoti karibu naye. Udongo ulikuwa mkavu kabisa, na yeye aliendelea kupanguza.