Mguu wa Mzee Zwerger

Ndege ilisimama juani mbele ya karakana, bati tupu kutoka pua hadi mkia. Rubani Detlef Harms aliizunguka huku akiigonga kwa kidole, mithili ya mtu anayechagua tikiti maji.

"Mbao ziko wapi?"

"Hakuna," akajibu Mhandisi Rauch, kifua mbele. "Hata kijiti cha kiberiti hakimo. Hii ndiyo ndege ya kivita ya kesho."

"Basi nitairusha kesho."

Korbinian Zwerger, msimamizi wa mafundi, aliweka spana chini. Tangu washindwe Vita Vikuu, Wajerumani walikuwa wamekatazwa kuunda ndege za kivita, kwa hiyo kwenye karatasi hii iliitwa ya kubebea barua. Lakini wale mabwana wawili kutoka Berlin, waliokuwa wakinywa kahawa kando ya uwanja, hawakuja kutazama barua. Isiporuka leo karakana inafungwa, na nani angemwajiri fundi aliyeacha mguu wake vitani?

Harms naye hakuwa anatania. Marubani wote wa huko hugonga mti mara tatu kabla ya kuruka ili kufukuza nuksi, na yeye aligonga tena kabla ya kutua. Zamani mbawa zenyewe zilikuwa za mbao, wala hakuna aliyelifikiria jambo hilo.

Mafundi wakakimbizana. Ufagio ukagoma kuingia kwenye kiti cha rubani. Ubao wa kukatia mkate ulikuwa na ufa, na ufa ni nuksi. Rauch akatoa penseli yake.

"Nigonge hiyo?" akafoka Harms. "Mimi kigogota?"

Kisha macho ya Harms yakateremka taratibu hadi kwenye suruali ya Zwerger.

"Mzee Zwerger, huo mti gani?"

"Mwaloni. Na una mwenyewe."

"Niazime."

"Kijana, huna adabu."

"Adabu ninayo, mzee. Nilichokosa ni mti."

Zwerger alikuwa ameunda ndege miaka yote hiyo bila kupanda hata moja. Kiti cha kilema hakikuwahi kupatikana. Akamwona bwana mmoja wa Berlin anatazama saa. Akakaa juu ya kreti, akafungua mikanda ya mguu.

"Ukiuangusha, na wewe usishuke."

Ndege ikanguruma, ikapaa hadi ikawa nukta angani, ikarudi ikabinuka tumbo juu, kisha ikapita chini chini hadi kofia zikaruka. Mkono ukachomoza nje ukipunga mguu, kiatu na soksi vikiwemo. Zwerger, aliyening'inia kwenye shingo za mafundi wawili, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ule mguu wangu ule," akawaambia mabwana wa Berlin.

"Tunaitaka," akasema mmoja wao, kahawa yote ikiwa imemwagikia tai. "Undeni nyingine kumi."

Karakana nzima ikalipuka kwa vifijo. Harms akashuka, akaja mbio na mguu kifuani kama mtoto mchanga. Zwerger akaupokea ili aufunge, mara akasita. Ilikuwa Juni, kiangazi cha Ujerumani, jua linachoma, na ule mti ulikuwa baridi kama barafu. Akauweka shavuni.

"Njoo tunywe, Zwerger," akaita Rauch.

"Ngojeni kidogo," akasema, macho ameyafumba. "Bado niko juu."