Nguo za Kumfundishia Mbwa

Kabla hakujapambazuka nilisikia kifuniko cha sufuria kikikokotwa sakafuni. Kinakwenda kidogo, kinasimama, kinakwenda tena. Niliwasha kibatari, nikamwona yule mtoto wa mbwa ameingiza kichwa chini ya kifuniko, anakisukuma kama mtu mfupi aliyevaa kofia ya mtu mrefu. Ilikuwa asubuhi yake ya kwanza nyumbani kwangu Mwanda, mwaka wa 1954, mwishoni mwa Oktoba. Nilicheka, kisha nikashika uso wangu nikaona una vipele, na mwili wote unachemka.

Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alipanda mlima kuja kuniona. Alisema ni ndui, lakini nyepesi, kwa kuwa nilichanjwa nilipokuwa msichana.

"Mama, usivuke ua huu siku arobaini," akaniambia. "Wala mtu asivuke kuja kwako. Vitu vinaweza kuingia, lakini kisitoke hata kijiko."

Mimi ni mjane, nilikuwa nimezoea kukaa peke yangu. Mahindi yalikuwa darini na kuni zilikuwepo. Shida yangu ilikuwa mbwa.

Wakati ule watu wengi wa kwetu walimlea mbwa wa shamba gizani. Akiacha kunyonya tu anafungiwa kibandani, haoni mtu ila yule anayempa chakula, mpaka meno yakomae. Tuliamini ndivyo anavyopata ukali wa kufukuza nyani. Mbwa wangu wa kwanza nilimlea hivyo, na nyani walimkimbia kweli. Lakini mwanangu Elijah, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Voi, alipokuja na mkewe Mable na binti yao Susan wa miaka mitano, mbwa yule alimwuma Susan mkono. Majirani walijaa uani. Nami kwa aibu nikasema mbele yao wote, "Mtoto huyu lazima alimchokoza."

Mable alifunga ule mkono kwa leso yake, akambeba mwanawe, akateremka mlima. Mbwa aliuawa jioni ile ile. Tangu hapo Elijah akawa anakuja peke yake na kuniambia, "Mable anakusalimu."

Mwaka ukapita. Nyani wakazidi. Kilonzo, mchungaji wa ng'ombe kule Kishushe, alipopita kwangu na mtoto wa mbwa kwenye mfuko wa bega, nilimpokea, lakini niliapa kwamba huyu atalelewa mwangazani, ajue watu. Elijah alikuwa ameniletea habari kwamba Mable amekubali kuja Krismasi. "Ila akikuta mbwa mkali, Mama, atageukia hapo hapo uani. Na sidhani nitamshawishi tena."

Na sasa ndui ilikuwa imetufungia mimi na mbwa huyo, kuliko kibanda chochote kingeweza.

Kila asubuhi rafiki yangu Jedidah aliweka kibuyu cha maziwa kando ya ua, akarudi nyuma, akapaza sauti.

"Mama Elijah! Umekufa?"

"Bado!"

"Basi njoo uchukue maziwa kabla sijayanywa mwenyewe!"

Mbwa akisikia sauti ile tu alikimbilia chini ya kitanda na kukojoa. Siku ya kumi niliona wazi kwamba kosa la zamani linajirudia, ingawa safari hii sikulitaka. Nikamwita Jedidah.

"Niletee nguo yako uliyoivaa. Usiifue."

"Nguo yangu ya nini?"

"Mbwa azoee harufu yako. Nitaivaa nijifanye wewe."

"Mama Elijah, ndui imekupanda kichwani!"

Lakini kesho yake kanga ilirushwa juu ya ua. Nilimkumbusha kwamba haiwezi kurudi mpaka dresa aseme. "Sitaihitaji," akasema. "Ni ile yenye tundu." Niliikunjua nikaitazama kote. Haikuwa na tundu.

Nikawa natoka kwa mlango wa nyuma nimejitanda kanga ya Jedidah, nazunguka nyumba, nabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe kwa sauti yake. Siku ya kwanza mbwa alibweka mpaka akaanguka. Sikumfuata. Nilikaa chini, nikageuza uso, nikaweka kipande cha kiazi pajani. "Ngoja," nikamwambia. "Ngoja tu, mwanangu, hakuna haraka." Nililirudia neno hilo mara nyingi mno hata likawa jina lake. Siku ya tatu kiazi kililiwa. Siku ya tano alilala juu ya kanga.

Habari zikaenea. Mzee Obadiah, mzee wa kanisa, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alituma koti lake refu la sufi, lile la kila Jumapili, na kofia yake juu yake. Wengine wakatuma vitambaa vya kichwa, na shati moja lililonuka tumbaku. Nilitembea nikichechemea, nikakohoa kama mwanamume, nikaangusha ndoo makusudi. Jedidah alisimama kule nje ameshika mti wa ua kwa kicheko.

"Mzee Obadiah! Sadaka umetoa leo?"

"Nyamaza, mwanamke, niko kazini!" nikajibu kwa sauti nzito, na Ngoja akatikisa mkia.

Kitu kimoja sikuwa nacho, nacho ni mtoto. Nguo ya mtoto sikuthubutu kuiomba. Mama gani angerusha gauni la mwanawe kwenye nyumba ya ndui? Jedidah alizungumza na mwalimu, na watoto wa shule wakawa wanasimama kwenye njia ya juu, mbali na nyumba, wanaita wote pamoja, "Ngojaaa!" Alizoea sauti zao. Lakini mtoto mwenyewe, wa kusimama mbele yake, hakumwona hata mmoja.

Siku arobaini zilipotimia dresa aliamuru nguo zote zichemshwe kwenye pipa. Kanga zilitoka salama. Koti la Mzee Obadiah lilitoka limenywea, mikono imeishia karibu na viwiko. Nilitaka kulia. Mzee aliingia uani wa kwanza kabisa, akalivaa pale pale, Ngoja akimnusa viatu.

"Koti halina neno," akasema. "Ni mimi niliyenenepa."

Na Jumapili alilivaa kanisani. Lakini watoto bado walikatazwa na mama zao kukaribia uani kwangu, kwa kuogopa ndui.

Mable alifika na Elijah na Susan siku mbili kabla ya Krismasi. Walisimama mlangoni pa ua, Susan nyuma ya sketi ya mama yake, ameushika mkono wake wenye kovu kwa mkono mwingine. Ngoja alitoka nyuma ya ghala. Susan akapiga yowe. Ngoja naye akaruka nyuma, akaingia chini ya ghala, akaanza kunguruma kidogo kidogo.

Mable akamwinua mtoto. "Tutalala kwa shangazi yake Elijah, Mama. Usione vibaya."

Elijah alikuwa ananitazama, na Jedidah, na wale wote waliokuja kusalimu. Walikuwa karibu watu wale wale wa siku ile Susan alipoumwa. Nikaona nikinyamaza sasa, wataondoka na yale maneno yangu, na hayatafutika tena.

"Mable, subiri nikuambie," nikasema. "Susan hakumchokoza yule mbwa. Mimi nilimfungia gizani akawa hajui mtu. Kosa lilikuwa langu, nikamtwika mtoto. Huyu naye hajui ukali. Anaogopa tu. Hajawahi kumwona mtoto."

Susan ndiye aliyeuliza, begani kwa mama yake, "Hajawahi kabisa?"

"Kabisa. Wakubwa peke yao. Na wengine walikuwa mimi, nimevaa koti la Mzee Obadiah."

Jedidah hakuweza kujizuia, akaonyesha nilivyokuwa nikichechemea na kukohoa, na Susan akacheka. Kisha akateremka chini mwenyewe. Nilimwambia akae mkekani, ampe Ngoja mgongo, asimtazame wala asimwite. Mable alikaa ubavuni pake, amemshika gauni. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Ngoja alitambaa kwa tumbo kutoka ghalani, akarudi, akatambaa tena. Mwishowe akanusa kisigino cha Susan, akakilamba.

"Ulimi wake una joto," Susan akanong'ona.

Walilala kwangu siku nne. Asubuhi ya kuondoka Mable alifunga mizigo, Elijah akatangulia na sanduku. Nilikuwa namfungia Mable ndizi za njiani aliponishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka ule.

"Mama," akasema, "Voi ulikuja mara moja tu, Susan alipozaliwa. Njoo tena."