Kalvati ya Kijito cha Odundu

Mwaka juzi, nikiwa mkaguzi wa barabara, nilitia sahihi kwamba kalvati ya kijito cha Odundu, mfereji wa kupitisha maji chini ya barabara, imekamilika. Sikufika. Jua lilikuwa kali, mkandarasi akanitumia picha kwa simu, nami uvivu ukanishinda. Ofisi ya barabara ikaandika: imekaguliwa na Wesley. Picha ilikuwa ya kijito kingine; Odundu hapakujengwa kitu.

Mvua za Aprili zilipokuja, Levis, mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa akirudi kutoka soko la mifugo la Ogwedhi na fahali mmoja. Walipovuka Odundu, maji yakawasomba. Fahali alipatikana, Levis hakupatikana. Kwetu, mtu akimezwa na maji asionekane, tunda la mti wa yago, yaani mvungunya, huzikwa badala yake. Mjane wake, Truphena, alilizika mbele ya nyumba. Tangu siku hiyo nasikia kamba ya ng'ombe ikiburutwa nyuma yangu, hata ofisini, hata mchana. Nikigeuka, hakuna kitu. Naogopa, sifichi.

Siku za mwizi ni arobaini. Januari hii nikatumwa kwa Truphena mwenyewe: barabara inapanuliwa, na kaburi limeingia ndani ya vigingi.

"Mhamishe tu," akasema. Hakunipa kiti. "Lakini si na tingatinga. Jembe. Na mtu amwite jina, amwambie ukweli wa safari yake. Asipoambiwa hatatulia, na mimi niko na watoto hapa."

"Nani humwita?"

"Ndugu yake, Jeremiah. Lakini siku ya mazishi aliita mpaka sauti ikaisha. Atamwambia nini? Sisi tuliambiwa kalvati iko, serikali imeiona."

Ningeweza kusema hapo hapo. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria jela, nikaomba Jeremiah aitwe, aje na jembe.

Jeremiah akachimba. Ardhi ilikuwa kavu, vumbi tupu. Tunda likatoka bichi, zima, likichuruzika maji ya matope. Jeremiah akatupa jembe. Maji yakapita miguuni pake, yakapita miguuni pa Truphena, yakaja kusimama kwenye viatu vyangu.

Truphena akayafuata kwa macho mpaka kwangu.

"Inspekta," akasema polepole, "mwite wewe."

Nyuma yangu kamba iliburutwa, ikasimama.

"Levis," nikasema. "Ni mimi niliyeandika kwamba unaweza kuvuka."

Truphena akainama, akalipakata lile tunda. Lilikuwa limekauka.