Kifaa Kisichopiga Kelele

Ptuu! Hata leo nikiikumbuka siku ile mate yananijaa mdomoni. Mimi kazi yangu ni kupasua samaki na kutoa matumbo, na matumbo ya samaki hayajawahi kunitia kinyaa. Mjomba wangu alinitia.

Kiwanda cha barafu na samaki ni chake, na mume wangu ndiye fundi wake wa mitambo. Barafu ile inagandishwa kwa amonia, gesi inayochoma pua na macho, na ikizidi inaua. Sasa mume wangu, kwa miaka aliyokaa chumba cha mitambo, pua yake imekufa. Hanusi kitu. Analala kando yangu ananuka kama choo cha stendi, halafu ananiuliza kama nimebadilisha sabuni! Bomba likipasuka atajuaje? Atajua akiwa chini sakafuni.

Nilimsumbua mjomba mpaka akaanza kunikimbia: tununulie kifaa cha kunusa gesi. Hakunisikia mimi, alimsikia mkaguzi, aliyesema asipokiona kifaa ukutani atafunga kiwanda. Ndipo akaitwa muuzaji, binti mmoja mwenye begi, akaja na vifaa viwili.

Cha kwanza alikiwasha mlangoni kwa chumba cha mitambo. Loo, kililia mpaka wapakiaji wakaacha makreti!

"Hiki ni cha amonia," binti akasema. "Mna bomba linavuja humu."

"Zima!" mjomba akafoka. "Kesho nina wanunuzi hapa. Hicho kingine?"

"Hicho ni cha gesi ya kupikia, mzee. Nilikileta kwa ajili ya kantini yenu. Amonia hakiijui kabisa."

"Kwa hiyo hapa hakilii?"

"Hakilii, lakini..."

"Lakini ya nini tena? Funga hicho ukutani."

Jamani! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anachagua mlinzi kwa sababu ni bubu. Nikamvuta pembeni. "Mjomba, mume wangu anashinda humo ndani." Akanipapasa bega kwa mkono uliotoka kuchokonoa meno. "Mwanangu, ondoa wasiwasi. Mumeo ni chuma." Nilitamani kulikata lile bega nilitupe kwenye ndoo ya matumbo.

Nyumbani nikamwambia mume wangu asirudi kule. Akakataa. "Mjomba wako ndiye aliyenipa kazi, akanipa na mke. Nitamtazamaje usoni?" Heshima hiyo! Ya kumpeleka mtu kaburini na shati limepigwa pasi.

Kesho yake wanunuzi wakaja, na harufu ilikuwa imezidi. Mjomba akasimama nao karibu na mlango wa mitambo, akanyoosha kidole kwenye taa ndogo ya kijani ya kile kifaa bubu ukutani. "Mnaona? Salama kabisa." Na huku analia! Machozi yanamchuruzika mpaka ndevuni, kamasi imefika mdomoni, anatabasamu. Wale wanunuzi na tai zao wanafuta macho, wanaitikia: salama, salama. Wapakiaji nao wakadakia: salama. Nilitaka kutapika, na wala siyo kwa amonia. Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwetu aliyeoza ni mwenye samaki.

Mume wangu akachungulia mlangoni, macho mekundu kama kawaida yake, akawasalimu wageni kwa adabu, akageuka kurudi ndani. Hakujua watu wanalilia nini. Hapo nikaweka kisu chini.

"Mjomba," nikasema, na sauti nikaipunguza kama mtoto mwenye malezi, "kama ni salama, ingia ukae naye kidogo. Uwaoneshe wageni mitambo."

Watu wote wakamgeukia. Mjomba akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili. Mume wangu aliziona zote mbili.

"Aa, mimi kifua changu kibovu," mjomba akasema. "Daktari amenikataza."

Mume wangu akamwangalia yule aliyempa kazi na mke.

"Na mimi je, mjomba?" akauliza taratibu. "Mimi daktari aliniruhusu?"

Mjomba akafuta kamasi. Mume wangu akaingia akazima mtambo, akatoka na funguo. Mjomba akanyoosha mkono azipokee. Mume wangu akautazama ule mkono, akainama, akaziweka sakafuni.