Kipimo cha Wiki ya Sita

Shemeji yangu alikuwa fundi seremala, na karibu kila mtu alimwita Msasa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakukubali kitanda wala mlango utoke karakanani mpaka apitishe kiganja juu yake, kwenda na kurudi, na kiganja kisikwame popote. Alimwoa dada yangu nikiwa na miaka tisa. Mama yetu alipofariki mwaka uliofuata, nilihamia kwao na begi langu moja. Msasa akanitengenezea meza ya kusomea, fupi, ya kimo changu, na kadiri nilivyokua akairefusha miguu mara mbili.

Ndiye pia aliyenipa jina la Hadubini. Nilikuwa mtoto wa kuchungulia: nikiona mdudu namgeuza, nikiona kidonda nauliza ndani kuna nini. "Huyu macho yake si ya kawaida," alimwambia Dada, "huyu ni hadubini." Nilipoajiriwa maabara ya hospitali na kuketi mbele ya hadubini yenyewe, aliwatangazia wateja wake wote, kana kwamba kazi ile alinichongea yeye.

Kwa hiyo asubuhi nilipomwona kwenye dirisha letu la kupokelea sampuli, kofia mkononi, nilidhani amepita kunijulia hali. Hakusalimia. Aliangalia nyuma, kwenye mabenchi yaliyojaa akina mama na watoto wao, kisha akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hadubini, una nafasi? Nina shida, ila shida yenyewe haina adabu."

Nikamwingiza kwa mlango wa nyuma, kwenye kile chumba chetu kidogo cha kutolea damu. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, magoti pamoja kama mtoto wa shule.

"Mkojo," akasema, akiutazama ukuta. "Unawasha kama pilipili, halafu unatoka matone matone. Usiku naamka mara nne, mara tano. Dada yako anadhani ni maji ninayokunywa."

Tulikuwa tumetaniana maisha yetu yote, mimi na yeye, lakini utani wetu ulikuwa na mipaka, na jambo hilo lilikuwa ng'ambo ya mpaka. Nikajikuta nami nautazama ukuta.

"Ungemwona daktari kwanza, Shem."

"Nimekuja kwako ili nisimwone daktari. Daktari ataniambia nipande kitandani nigeukie ukutani, halafu avae glavu. Stori zao nimezisikia."

Nikacheka. Nilitaka ile aibu itupite upesi, sote wawili.

Nilimbembeleza hadi akakubali kuonana na tabibu mmoja mzee, mtu wa maneno machache, ambaye hakumpandisha kitandani siku hiyo. Alijaza fomu tu: mkojo, kreatinini ya kuangalia figo, na PSA. Hii PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Kidogo huvuja kwenye damu ya kila mwanamume, na ikizidi inatuambia kwamba tezi ina jambo. Haisemi jambo gani. Tezi iliyotanuka kwa umri huipandisha, maambukizi huipandisha, saratani nayo huipandisha. Maelezo hayo nimewapa watu wengi mno, nimeyakariri kama namba yangu ya simu.

Damu nilimtoa mwenyewe. Kwenye mkojo wake seli nyeupe zilikuwa zimejaa, na bakteria kila nilipoisogeza slaidi. Figo zilikuwa salama. PSA ya mtu wa miaka sitini na moja tungependa iwe chini ya nne. Yake ilikuwa ishirini na tatu.

"Ana maambukizi," tabibu akasema nilipompelekea karatasi, "na maambukizi peke yake yanaweza kuifikisha hapo. Atumie dawa, arudie baada ya wiki sita. Isiposhuka, aende kwa bingwa wakamkate kinyama wakipime." Akaandika kwenye fomu na kwenye kompyuta: rudia PSA, wiki ya sita. Ushauri wake ulikuwa sahihi. Hadi leo sina la kumlaumu.

Wa kulaumiwa ni aliyepeleka habari. Msasa alikuwa ananisubiri nje, pembeni ya tangi la maji, anaizungusha kofia yake vidoleni.

"Ni maambukizi," nikamwambia. "Kuna kipimo kimoja kimepanda, lakini nadhani ni hayo maambukizi tu. Meza dawa, halafu wiki ya sita uje tukirudie."

Mabega yakamshuka. Alisikia lile "tu" na hakusikia kingine. Nami nilikuwa nimelitia makusudi, maana sikuzoea kumwona Msasa akiwa na hofu, na nilitaka hofu ile iondoke usoni pake hapo hapo.

"Sasa hili ni la mimi na wewe," akasema. "Dada yako asijue. Akijua, kesho kutwa ukoo mzima utakuwa unanipigia simu kuniuliza kama nimekojoa vizuri."

"Shem, mke wako huyo."

"Niahidi, Hadubini."

Nikaahidi.

Dawa zilifanya kazi. Siku ya tano alinipigia simu. "Bomba limezibuka!" akapaza sauti, na nyuma yake nikasikia vijana wa karakanani wakicheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa nimeizungushia duara tarehe ya wiki ya sita kwenye kalenda ya ukutani, kwa penseli, bila jina. Tarehe ilipofika nikampigia. Alikuwa na oda ya madawati ya shule mia moja na ishirini, hata pa kuweka mguu hakuna. Wiki ya nane nikampigia tena.

"Wewe mwanamke una kiu ya damu yangu," akasema. "Siumwi. Mtu haumwi, unamchoma sindano unatafuta nini?"

Tukacheka. Sikupiga mara ya tatu. Mwaka ulipoisha, kalenda ile ikashushwa, ikatundikwa mpya.

Kuna Jumapili moja katikati ya hapo ambayo siwezi kuipita. Nilikwenda kula kwao. Mapacha wao walikuwa wamerudi likizo kutoka chuoni, nyumba ilikuwa imejaa kelele. Kabla hatujamaliza kula, Msasa alitoka mara tatu. Mara ya tatu alirudi mikono imelowa, akakuta namtazama. Akanikonyeza. Dada alikuwa ananisimulia kisa cha jirani yake na mbuzi aliyekula cheti cha ndoa, hakuona kitu. Nami nikarudisha macho kwenye sahani. Swali lilikuwa limefika mdomoni, nikalimeza na chakula, kwa kuwa meza ilikuwa na furaha na sikutaka kuwa mimi wa kuichafua. Kazi yangu ni kuangalia. Nimeifanya miaka ishirini na sita. Siku ile niliangalia, nikaona, nikajifanya sikuona.

Mgongo ulianza kumuuma mwaka na miezi mitano baada ya ile sampuli ya kwanza. "Ni randa," alisema. Miaka arobaini ya kuinama juu ya benchi, nani angebisha? Dada akawa anamkanda kwa mafuta ya moto, akamtafutia godoro gumu. Baada ya miezi miwili mguu wa kushoto ukaanza kuburuta, na asubuhi moja akashindwa kushuka kitandani bila kushikwa. Dada hakungoja ushauri wa mtu. Alimpakia kwenye gari la jirani akamleta hospitali.

Nilikuwa zamu. Kichupa chake kilikuja kimepangwa na vingine kumi na vinne, jina limeandikwa kwa mwandiko wa nesi. Mashine ikakataa kutoa namba ya PSA. Ilionyesha tu kwamba damu ile imezidi kiwango inachoweza kusoma. Ikiwa hivyo, tunaizimua mara kumi na kupima upya. Nikazimua, nikapima, nikazidisha. Nikatupa, nikazimua nyingine, nikiomba mkono uwe umekosea. Mkono haukukosea. Mia sita na arobaini. Na kile kimeng'enya kinachopanda mifupa inaposhambuliwa kilikuwa mara tano ya kawaida.

Majibu niliyapeleka wodini mwenyewe. Bingwa, mwanamke mrefu aliyehamia kwetu mwaka ule, alikuwa amesimama kando ya kitanda akisoma kompyuta ya wodi. Dada alikuwa amekaa, mkoba mapajani. Bingwa akaipokea karatasi yangu, akaitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa kuna kipimo cha zamani," akasema. "Ishirini na tatu. Iliandikwa kirudiwe baada ya wiki sita. Kilirudiwa wapi?"

"Kipimo gani?" Dada akauliza. "Mume wangu hajawahi kupimwa hapa."

Bingwa akamsomea tarehe, na jina la aliyepima. Dada akanigeukia taratibu.

"Ulijua?"

"Dada, mimi nilidhani..."

"Sijakuuliza ulidhani nini. Ulijua?"

"Nilijua."

Msasa akajaribu kujiinua kwa viwiko. "Mama Pacha, mwache. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

"Wewe nyamaza, unaumwa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Huyu nimemlea. Nimemsuka nywele, nimemfundisha kufua. Miezi miwili nakukanda mgongo, yeye anakuja kwangu anakula, anacheka, anaondoka. Na anajua."

Bingwa akajifanya anatafuta kalamu.

Walimpiga mionzi mgongoni, ambako saratani ya tezi ilikuwa imefika, wakamwanzishia sindano ya kila miezi mitatu ya kuzima homoni inayoulisha ugonjwa ule. Namba ikashuka: tisini, kisha thelathini, kisha kumi na moja. Akaanza kutembea tena, kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe na kuilalamikia kila siku kwamba haijanyooka. Kila baada ya miezi mitatu alikuja kutolewa damu, na hakutaka mwingine amtoe isipokuwa mimi. Dada alimfikisha mlangoni na kubaki kwenye benchi. Kwangu alikuwa na "hujambo", mimi nina "sijambo, shikamoo", basi.

Siku moja, mkono wake ukiwa umefungwa mpira na mimi natafuta mshipa, Msasa akasema, "Unajua kwa nini sikurudi? Si madawati."

"Nini, Shem?"

"Niliiogopa namba. Nikasema, nikirudi nikute imeshuka, sawa. Nikikuta haijashuka je? Bora nikae na ile habari uliyonipa, ilikuwa tamu. Uliponipigia simu nilikuwa nakutania huku naomba moyoni unikaripie. Ungekuja juu, Hadubini, ningekuja. Lakini ulicheka."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Niliishusha kwanza mezani.

"Ile Jumapili nilikuona," nikasema. "Ulitoka mara tatu."

"Najua uliniona. Ndiyo maana nikakukonyeza."

"Na mimi nikakubali kukonyezwa. Nisamehe, Shem."

"Tulikubaliana," akasema. "Ubaya wetu mimi na wewe, tunaelewana mno. Haya, choma, mkono unakufa ganzi."

Mwaka wa pili namba ikaanza kupanda. Thelathini na nane. Miezi mitatu baadaye, mia moja na hamsini. Siku ya hiyo thelathini na nane nilikuwa na karatasi mkononi, na yeye alikuwa bado anavaa shati chumba cha pili. Nikamwambia pale pale, "Imepanda. Natoka kwenda kumwambia Dada sasa hivi." Akafunga kifungo kimoja, akafunga cha pili. "Nenda," akasema.

Dada alinisikiliza bila kunitazama. "Asante kwa kuniambia," akasema. Yalikuwa maneno matatu, nikayabeba nyumbani kama zawadi.

Msasa alifariki miezi minane baadaye, mchana, kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, yeye na Dada wakiwa wachumba. Mapacha walikuwepo. Nilikuwepo na mimi, miguuni pake, kwa kuwa upande wa kichwani palikuwa pa Dada.

Wiki chache baada ya mazishi Dada akaniita nikamsaidie kupanga nguo za Msasa. Tulikaa sakafuni chumbani, mashati kati yetu. Alikunja mashati matatu, kisha akauliza bila kuinua uso:

"Kama ungeniambia wiki ile ya sita, angepona?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja miaka miwili na nusu. Nilikuwa na majibu mazuri ya kitaalamu, yamepangwa. Nikayaacha.

"Sijui, Dada. Huenda ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye tezi. Huenda ulikuwa bado umo ndani, wakaweza kuutoa. Kipimo cha pili ndicho kingetuambia, na sikuhakikisha kinafanyika. Kwa hiyo sijui, na sitajua."

Akalinyoosha shati la buluu kwenye goti, akalikunja mikono ndani.

"Nimejaribu kukuchukia," akasema. "Sikufika mbali. Lakini pale tulipokuwa, sijarudi."

"Najua."

"Usiniambie unajua. Kunja nguo."

Nikakunja. Tulimaliza mashati, tukaingia kwenye suruali. Jua lilipoanza kuondoka dirishani alikwenda jikoni, nikamsikia akiinjika birika. Alirudi na kikombe kimoja cha chai, akakaa nacho mbele yangu, akakinywa polepole mpaka kikaisha.

Mimi niliendelea kukunja.